Mti ukianguka mlimani, udongo huenda wapi?

Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma nchini Kenya, iliyowekwa mwaka 2018, ilipoondolewa mwaka 2023, hoja mojawapo iliyotajwa ni kwamba miti iliyokomaa ilikuwa ikioza msituni bila faida. Kwa misonobari na saiprasi zilizopandwa kwa safu ili zivunwe, hoja hiyo ina uzito. Ukiihamishia kwenye msitu wa asili, ule wa podo, mitarakwa na mizeituni mwitu huko juu Mau au Elgon, haina mashiko. Huko mti ulioanguka bado uko kazini, na kazi yake kubwa inahusu udongo.

Dhana yenyewe ni kung'oka kwa miti kama njia ya kusogeza udongo. Mmomonyoko ukitajwa, wengi wetu huwaza maji: mvua inapiga, tope linateremka, Nyando inaingia Ghuba la Winam ikiwa rangi ya kahawia. Ndani ya msitu mkongwe maji yanayotiririka juu ya ardhi ni machache, kwa kuwa majani yaliyorundikana chini huyanywa. Hata hivyo udongo hautulii. Fuko huuchimbua, mchwa huupandisha, na miti huupindua.

Si kila mti unaokufa hung'oka. Mwingine hukauka ukiwa umesimama, mizizi ikaozea mlemle ardhini na kuacha vijia ambavyo maji hupenyea. Mwingine huvunjwa shina na upepo. Hiyo miwili haipindui kitu. Tunaouzungumzia ni ule wa tatu: ardhi imelowa chepechepe wakati wa masika, upepo unausukuma, mizizi ya upande mmoja inaachia, na mti unalala pamoja na bonge la udongo lililokumbatiwa na mizizi. Bonge lenye upana wa mita 3 na kina cha mita 1 hivi laweza kubeba mita za ujazo zipatazo 4, karibu shehena ya lori la tani 7.

Hapo hubaki shimo, na kando yake bonge lililosimama wima. Mizizi inapooza, udongo hudondoka kidogo kidogo hadi unakuwa tuta. Kwenye mteremko, miti mingi huangukia upande wa bondeni, kwa hiyo tuta huketi chini ya shimo lake: udongo umeteremka hatua moja au mbili. Fikiria hilo likirudiwa na kila mti unaong'oka, karne baada ya karne. Mlima unateremka, na hakuna mto uliochafuka.

Basi miti ndiyo inayomomonyoa? Husogeza udongo, ndiyo, lakini kusogeza si kupoteza. Bonge jipya liko wazi na mvua za kwanza huliosha kweli. Tope hilo haliendi mbali. Chini yake kuna shimo la mti mwingine, kisha tuta la zamani, kisha gogo lililokingama mteremko. Maji hukwama shimoni, huacha tope lake humo na kuzama ardhini. Gogo nalo hukusanya udongo upande wake wa juu, na likiwa la mtarakwa, mti ambao wakulima wa Njoro na Molo huupenda kwa nguzo za ua kwa sababu mchwa hawauwezi, hukaa miaka mingi sana likifanya hivyo. (Gogo lililolala kufuata mteremko ni habari nyingine, hilo laweza hata kuyaelekeza maji.)

Kung'oka huko pia huuchanganya udongo. Wa chini huja juu pamoja na mawe yake, na pale ambapo udongo ni mwembamba mizizi hubandua vipande vya mwamba ambavyo polepole husagika kuwa udongo mpya. Miche mingi hupenda kuota juu ya tuta, pasipo na majani mengi ya kuifunika.

Mambo haya yamepimwa kwa subira huko Žofín, msitu wa milimani katika Jamhuri ya Cheki uliohifadhiwa tangu mwaka 1838. Watafiti wameorodhesha miti yake kwa miongo kadhaa, na wamekuta matuta yenye umri unaozidi miaka 1,000. Umri huo ni wa huko. Kwingine mvua, mteremko na aina ya udongo ndivyo vinavyoamua tuta litadumu kiasi gani.

Msumeno hufanya kinyume cha haya yote. Mti uliokatwa hauachi shimo wala tuta, na hauachi gogo. Mizizi ya kisiki hushikilia udongo kwa miaka michache, kisha huoza na kuachia. Jembe likifuata, mashimo ya karne nyingi husawazishwa kwa msimu mmoja, na maji hayana tena pa kukwama. Mwaka 2001 serikali iliidhinisha kumegwa kwa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki, sehemu ambayo mito ya Njoro, Makalia na Nderit hupata maji yake kabla ya kuingia Ziwa Nakuru. Kwa maoni yangu, kuokota matawi makavu kwa ajili ya kuni hakuna ubaya. Kulipasua mbao gogo lililokingama mteremko ni kubomoa kizuizi ambacho hakuna mradi uliogharamia kukijenga.

Ukipita katika msitu kama huo, usidhani kila kilima kidogo ni kichuguu cha mchwa. Kichuguu husimama peke yake na udongo wake ni wa chembe ndogondogo. Tuta la mti lina shimo upande wa juu, mara nyingi limejaa majani yaliyolowa, na ukilifukua kidogo utakuta mawe ambayo mchwa hangeweza kuyabeba.