DAC Hairudishi Sauti Iliyokwisha Kukatwa

Wapenzi wengi wa muziki huamini kwamba wakinunua DAC, yaani kifaa kinachogeuza tarakimu za muziki kuwa mkondo wa umeme unaopelekwa kwenye amplifaya, hata faili la MP3 lililobanwa mno litarudishiwa sauti zilizoondolewa. Sivyo. Kilichokatwa wakati wa kubana hakimo tena ndani ya faili, na hakuna kifaa, kiwe cha bei gani, kinachoweza kukisoma.

Faida ya DAC iko kwingine. Kompyuta tayari ina DAC ndani yake, lakini mara nyingi hukaa jirani na saketi zenye kelele nyingi za umeme. Ndiyo maana, ukivaa hedifoni usiku nyumba ikiwa imetulia, pengine utasikia mkwaruzo mwembamba kila unaposogeza kipanya. Kifaa cha nje cha USB, hata kile kidogo kinacholingana na kidole gumba, huihamishia kazi hiyo mbali na kelele, na mimi huisikia tofauti hasa pale nyuzi za ala iitwayo kanuni katika taarabu zinapofifia taratibu hadi kimya.

Wala usishawishiwe na namba kubwa za sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, zilizoandikwa kwenye boksi. CD huhifadhi sampuli 44,100 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kulijenga upya wimbi laini lisilo na ngazi hadi hezi (mitetemo kwa sekunde) 20,000, ambazo ndizo takriban kikomo cha sikio changa lenye afya. Fedha inayobaki ielekeze kwenye spika.