Mtoto si tarishi

Mvulana wa miaka tisa alikuwa akiumwa tumbo siku za Ijumaa. Si zote, zile tu za kwenda kwa baba yake. Mama alidhani mtoto anamwogopa baba. Baba akawa na hakika kwamba mama anamjaza maneno. Nilimpa karatasi achore safari ya kutoka nyumba moja hadi nyingine. Akachora begi la shule kubwa kuliko yeye. Nikamuuliza limebeba nini.

"Maneno ya mama."

Maneno yenyewe: mwambie baba yako ada haijafika. Jumapili anarudi na mengine. Hakuwa anamwogopa mtu yeyote. Alikuwa tarishi, na aletaye habari mbaya hupokewa kwa uso uliokunjwa.

Ile methali ya tembo na nyasi sote tunaijua. Ila wengi ninaowapokea kwenye unasihi hawajakanyagwa, wametumwa.

Wazazi huniuliza kwanza kama kutengana kwao kumemharibu mtoto. Mavis Hetherington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefuatilia familia kwa miongo kadhaa, aliona matatizo mazito kwa takriban watoto 25 kati ya 100 wa wazazi walioachana, na 10 kati ya 100 wa wazazi wasioachana. Hatari ipo na si ya kubeza, lakini walio wengi hukua vizuri. Mimi huangalia zaidi kama ugomvi umekoma, na kama haujakoma, mtoto amesimamishwa wapi ndani yake.

Wa miaka minne ataamini baba ameondoka kwa sababu yeye alimwaga maziwa. Anaweza kuanza tena kukojoa kitandani. Mwambie hakusababisha, kisha wiki ijayo mwambie tena, maana mara moja haimtoshi. Kijana wa miaka 14 anayebamiza milango hanitishi sana. Ananitia wasiwasi yule anayepika, anayelaza wadogo zake na kumfuta mama machozi, huku kila mtu akimsifu kwamba amekomaa.

Kwa hiyo andikianeni wenyewe. Ujumbe mfupi, unaohusu mtoto tu, kwa adabu ile unayompa mfanyakazi mwenzako usiyempenda. Mtoto akirudi, mwache avue viatu, anywe maji, anyamaze akitaka. "Nani alikuwepo huko?" ni upelelezi hata ukiuliza kwa sauti ya upole, naye anaujua.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 9, unampa haki ya kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa pale inapomdhuru. Penye kipigo au vitisho, usalama wake unatangulia. Kifungu cha 12 kinataka asikilizwe. Wapo wanaokitumia kumwuliza mtoto, "Unataka kuishi na nani?" Tafadhali, msimwulize hivyo. Mwulizeni ni nini kinamsumbua siku ya kuhama, mtapata ya kufanyia kazi.

Wazazi wa yule mvulana walikubaliana jambo moja tu: habari za ada zipite kwenye simu zao. Hata leo hawasalimiani vizuri. Tumbo la Ijumaa lilichukua kama miezi miwili kutulia. Kisha wikendi moja akalisahau begi kwa baba, na hakuna aliyegundua mpaka Jumatatu asubuhi.