Paneli za Ukutani: Kinachokaguliwa Kabla Hujaufunika Ukuta

Kila mwaka masika yakianza, mahoteli mengi ya Unguja hubaki na wageni wachache au hufunga kabisa, na wenye biashara huona ndio wakati wa matengenezo. Siku hizi kinachotakiwa zaidi ni paneli za mapambo: za plastiki ngumu ya PVC, za unga wa mbao uliochanganywa na plastiki zenye michirizi, na zile karatasi nene za kung'aa zinazofanana na marumaru. Ukumbi mzima hubadilika sura kwa siku mbili tatu bila ya harufu ya rangi. Lakini miezi hiyo, Machi hadi Mei, ndiyo ambayo kuta zetu hubeba maji mengi kuliko wakati wowote. Ukuta unafungwa ukiwa umelowa, na ikifika vuli malalamiko yanaanza kutufikia sisi wa ofisi ya ukaguzi wa majengo: harufu ya uvundo, paneli zilizobinuka, madoa meusi juu ya skatingi (ukanda wa chini ya ukuta), soketi zenye alama ya kuungua. Maelezo haya ni kwa wenye mahoteli, maduka, ofisi, kliniki na hospitali, Unguja na Pemba, pamoja na mafundi wao.

Tuanze na dhana inayotupotezea muda mwingi ofisini, kwamba paneli ni dawa ya unyevu. Si dawa. Paneli huuficha unyevu, na ukifichwa huongezeka. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa nusu mita au zaidi, na msingi hauna kizuizi cha maji. Maji hupanda kutoka ardhini na ukuta huyatoa kidogo kidogo kupitia plasta ya chokaa. Ukiweka plastiki mbele yake, maji hayarudi chini. Hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yakiwa yamebeba chumvi, na huko juu ndiko ziliko ncha za boriti zinazobeba sakafu ya ghorofa. Boriti huanza kuoza ndani ya ukuta, pahala ambapo hakuna jicho linalofika, na ufa ambao ungeonekana mapema kwenye chokaa unabaki nyuma ya pambo. Beit al Ajaib, jengo la mwaka 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu 2 walifariki. Hatulitaji kwa sababu ya paneli; tunalitaja kwa sababu kila anayeshughulika na jengo la zamani lazima aweze kuziona kuta zake, leo na miaka kumi ijayo.

Nyumba za matofali ya saruji nazo zina kasoro zake. Plasta mpya ya saruji hukauka kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku hali ya hewa ikiwa nzuri, na katika mvua huchukua muda mrefu zaidi. Plasta ya milimita 20 iliyopigwa wiki iliyopita haiko tayari kwa gundi yoyote, hata kama mkono unauona ukuta ni mkavu. Na kama mchanga ulichotwa pwani, chumvi iliyomo itaendelea kuvuta maji hewani miaka na miaka.

Kipimo cha awali ni rahisi na hakigharimu. Chukua kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne pasibaki upenyo, ukiache si chini ya saa 16. Siku mbili ni bora. Matone yakiwa upande wa ndani unaogusa ukuta, ukuta una maji. Yakiwa upande wa chumbani, tatizo ni hewa ya chumba. Fanya hivyo pahala patatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na juu ya kichwa. Kile kipimo cha sindano mbili ambacho mafundi wengi wanacho hakiaminiki sana kwenye kuta zenye chumvi, kwa sababu chumvi hupitisha umeme na kuonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Kitumie kulinganisha sehemu na sehemu, si kutoa hukumu.

Ukuta ukiwa na maji, tafuta yanakotoka: mfereji wa paa uliopasuka, bomba la choo cha juu, karo iliyojaa, au plasta ya saruji iliyopigwa juu ya mawe ya matumbawe. Hiyo plasta ivuliwe, ipigwe ya chokaa, kisha ukuta usubiriwe ukauke. Hakuna njia ya mkato hapa, na fundi anayekuahidi kwamba dawa ya kupaka itazuia kila kitu anakuuzia dawa ya kupaka.

Wengine hujibu kwamba wataacha nafasi ya hewa nyuma ya paneli ili ukuta upumue. Ni wazo zuri kwa unyevu na baya kwa moto. Nafasi ya sentimita 2 hadi 5 baina ya ukuta na paneli, ikiwa wazi chini na juu, huupandisha moto kama bomba la jiko, na hupita juu ya milango na dari kabla king'ora hakijalia. Ndiyo maana kwenye majengo ya mawe ushauri wetu ni huu: paneli ziishie mita 1.2 kutoka sakafuni, nafasi ya nyuma ikatwe kwa kizuizi kisichoungua kila ilipo kona, mlango na ukuta wa kutenga vyumba, na ngazi na korido za kutokea zibaki na chokaa.

Moto na vyeti vyake

Tunaletewa vipande vya paneli pamoja na video ya muuzaji akiwasha kiberiti cha gesi: moto unagusa, kiberiti kinaondolewa, paneli inazimika. Video hiyo haithibitishi chochote. PVC ngumu huzimika moto mdogo ukiondoka kwa sababu ina klorini nyingi ndani yake. Chumba kikishika moto na viti, mapazia na magodoro yakawaka, paneli ile ile huungua na kutoa moshi mweusi wenye asidi ya haidrokloriki, ambao humziba mtu macho na pumzi kabla hajaufikia mlango. Stika ya "haishiki moto" iliyobandikwa kwenye katoni nayo si cheti.

Tunachotaka kukiona ni ripoti ya maabara. Iwe na jina la maabara, kiwango kilichotumika, tarehe, unene wa paneli iliyopimwa, aina ya ukuta iliyobandikwa juu yake na gundi iliyotumika. Paneli iliyopimwa ikiwa imegundishwa juu ya bodi ya jipsamu haina matokeo hayo hayo ikipigiliwa juu ya mbao zenye uwazi nyuma. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13501-1, korido na kumbi za watu wengi tafuta B-s1,d0 au bora zaidi: herufi ni namna inavyouchangia moto, s ni moshi, d ni matone yanayowaka. Kwa kipimo cha Marekani cha ASTM E84, daraja A ni kuenea kwa moto kwa kiasi cha 0 hadi 25, lakini daraja hilo huruhusu moshi hadi 450, kwa hiyo soma na namba ya moshi. Wengi huishia kwenye herufi A.

Zile karatasi laini za sponji za kubandika zenye sura ya matofali, pamoja na sponji za kuzuia sauti, zisitumike kabisa kwenye kumbi za starehe, vyumba vya mikutano wala mapokezi. Mwaka 2003 klabu ya usiku huko Rhode Island, Marekani, iliteketea baada ya fataki kuwasha sponji ya ukutani. Walikufa watu 100. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, sponji ya dari ilishika moto kwa njia hiyo hiyo na watu 242 wakafa.

Umeme ndio chanzo cha moto tunachokikuta mara nyingi nyuma ya paneli. Ukuta ukiongezewa unene, boksi la soketi hubaki nyuma, na fundi huirefusha skrubu tu ili kifuniko kifike. Waya uliolegea sasa umo ndani ya uwazi wenye mbao na plastiki. Boksi liongezwe hadi lilingane na uso wa paneli, na saketi zipimwe kabla ya kufunga.

Kuna bodi moja ya kutajwa peke yake: ya magnesiamu oksaidi. Moto haiushiki, na ndiyo sababu huuzwa kama mkombozi. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi kwa muda mrefu, bodi hizi zenye kloridi hutoa jasho la chumvi linalokula skrubu na chaneli za chuma. Denmark waliziweka kwa wingi nyuma ya kuta za nje na wakalazimika kuzivua. Kwa hewa ya visiwani, hatuzipendekezi.

Hospitali na kliniki

Paneli za michirizi hazifai pahala popote anapohudumiwa mgonjwa. Kila mchirizi ni mfereji wa vumbi na majimaji ambao hakuna kitambaa kinachoufuta. Weka mapokezi ukitaka. Wodini, leba, maabara na chumba cha upasuaji tunataka uso laini usionyonya maji: karatasi za PVC za kiwango cha hospitali zenye unene wa kama milimita 2, zigundishwe juu ya plasta imara, maungio yachomelewe kwa hewa ya moto na uzi wa plastiki hiyo hiyo, na chini zikunjwe kwa mviringo kuungana na sakafu. Silikoni kwenye maungio huota ukungu na kuachia.

Kabla ya kununua, lowesha kipande cha sampuli kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa siku mbili. Kikififia, kikinata au kikiachana tabaka, kirudishe dukani. Vikinga vya kona viwe vya chuma cha pua, kwani alumini huliwa na klorini, na hata cha pua kisuuzwe kwa maji baada ya dawa. Bodi za MDF, yaani za unga wa mbao ulioshindiliwa, zisikaribie sinki. Zikinywa maji huvimba na hazirudi.

Chumba cha eksirei kina madini ya risasi ukutani. Skrubu moja ya paneli ikiipenya risasi, kinga ya mionzi imetobolewa, na anayeketi upande wa pili hatajua. Hakuna kutoboa hapo bila ya Tume ya Nguvu za Atomiki kuhusishwa. Mabomba ya oksijeni nayo yasifichwe nyuma ya paneli zilizofungwa pande zote. Oksijeni ikivuja kidogo kidogo ndani ya uwazi huo, cheche ya soketi inatosha.

Na vumbi la kazi yenyewe. Kuvunja plasta ya zamani hurusha mbegu za ukungu wa Aspergillus, ambao kwa mgonjwa mwenye kinga dhaifu huweza kuua. Sehemu ya kazi itengwe kwa nailoni nzito kutoka sakafu hadi dari, feni itoe hewa nje, paneli zikatwe nje ya jengo, na kamati ya kuzuia maambukizi ya hospitali itie saini kabla ya kazi kuanza.

Kibali na ukaguzi

Kwanza ni ridhaa ya mwenye jengo, kwa maandishi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, au za Serikali chini ya Shirika la Nyumba. Mpangaji hana uwezo wa kujipa ruhusa, hata awe amelipa kodi ya miaka mitano. Pili ni kibali. Ndani ya Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, maombi huenda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kwengineko, kwa mamlaka ya ujenzi ya eneo lako. "Ni kazi ya ndani tu" tunaisikia kila siku. Kazi ya ndani nayo inahitaji kibali. Tatu, peleka Zimamoto mchoro wa njia za kutokea pamoja na ripoti ya paneli. Nne, kwa shehena unayoagiza mwenyewe, ulizia Taasisi ya Viwango Zanzibar kabla hujalipa, si mzigo ukiwa bandarini.

Faili liwe na mchoro wa kila ukuta, picha za ukuta ukiwa wazi, matokeo ya kipimo cha unyevu, ripoti ya moto, na sampuli ya sentimita 30 yenye namba ya toleo. Kisha muite mkaguzi fremu zikiwa zimefungwa na paneli bado. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayogharimu zaidi: mkaguzi akikuta ukuta umeshafunikwa, ataomba ufunguliwe popote atakapoona haja, na gharama ni ya mwenye kazi. Akikuta kasoro, kazi husimamishwa kwa maandishi. Kuendelea baada ya hapo hulifanya shauri kuwa zito, na huweza kufika mahakamani.

Kwa mafundi, machache. Paneli zilazwe ndani ya chumba saa 48 kabla ya kufungwa. PVC hurefuka kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Paneli ya mita 2.9 joto likipanda nyuzi 15 hurefuka milimita 3, basi acha milimita 5 juu na 5 chini, zifunikwe na skatingi. Paneli iliyobanwa hubinuka katikati. Fremu ziwe sentimita 40 kutoka moja hadi nyengine, za chaneli ya chuma au mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, na karibu na bahari skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja 316. Korido ya mita 12 yenye paneli za upana wa sentimita 16 hutaka vipande 75 kila upande, 150 kwa pande mbili. Ongeza asilimia 10 vifike 165, na vinavyobaki viwekwe kwa ajili ya kuziba, kwani toleo jengine halitalingana rangi.

Waliokwisha kufunga bila ya ukaguzi wasisubiri barua. Vua paneli moja karibu na sakafu, moja kwenye soketi na moja chini ya dari, upande unaopigwa na mvua. Ukikuta ukuta mkavu, waya mzima na boriti ngumu, piga picha, rudisha paneli na uje ulifungue faili. Ukikuta maji, ukungu au alama ya kuungua, zima saketi ya sehemu hiyo, hamisha watu, na utupigie siku hiyo hiyo.