VPN inakuficha kwa nani?

Wengi wetu Uganda tulianza kulisikia jina VPN tarehe 18 Februari 2016. Ilikuwa siku ya uchaguzi, na Facebook, Twitter na WhatsApp zikagoma kufunguka. Tume ya Mawasiliano ilikuwa imeziagiza kampuni za simu zizifunge, pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu. Watu wakaelekezana programu ya kupakua, ndiyo hiyo VPN, mambo yakaendelea. Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na programu ileile ikawa ya kukwepea kodi.

Ukifungua tovuti, ombi lako hupitia kwa kampuni ya simu. Ujumbe wako wa WhatsApp kampuni haiwezi kuusoma, maana umefungwa kwa msimbo. Lakini inaona unaelekea wapi, na hilo linatosha kukuzibia njia. VPN hulifunga ombi lote kwa msimbo na kulipeleka kwanza kwenye seva, yaani kompyuta ya mwenye VPN, katika nchi nyingine, tuseme Uholanzi. Ni sawa na kutia barua ndani ya bahasha ya pili yenye anwani ya shangazi yako Nairobi. Posta inaona jina la shangazi basi. Yeye ndiye anayefungua bahasha na kuifikisha barua kwa mwenyewe. (Ndiyo maana matangazo huanza kukujia kwa Kiholanzi.)

Sasa shangazi anawajua wote unaowaandikia. Hapa ndipo watu hawafiki. Hujaacha kuonwa, umebadilisha tu anayekuona. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure, na kupitia kwayo ikawa inafuatilia watu wanatumia programu zipi za washindani. Huyo angalau mwenyewe alijulikana. Seva hulipiwa kila mwezi. Ukipewa VPN ya bure na mtu usiyemjua, jiulize bili anailipa kwa kuuza nini. Mimi nisingeiweka kwenye simu yenye pesa zangu.

Kuna pia wanaodhani VPN ni kinga ya wadukuzi. Ukibonyeza kiungo cha matapeli ukaandika namba yako ya siri, VPN itaisafirisha kwa usalama kabisa hadi mkononi mwa mwizi.

Na intaneti ikizimwa yote, haifanyi kitu. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, kesho yake ikiwa uchaguzi, njia zote zilikatwa hadi tarehe 18. VPN huzunguka kizuizi barabarani, na siku zile barabara haikuwepo. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa, na aliyeitaka akairudia VPN yake, huku bando likiliwa zaidi kidogo kwa sababu ya huo msimbo wa ziada.

Kodi ya shilingi 200 nayo iliondolewa Julai 2021, ikawekwa ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Hiyo haina VPN ya kuikwepa: inakatwa pale pale unaponunua bando.