Kimondo Kisicho na Kundi Si Kimondo Kisichojulikana

Dhana inayonichosha kuliko zote, na ambayo wanaoniletea mawe huirudia kana kwamba wameambizana, ni kwamba Kimondo cha Mbozi, kilichoko mkoani Songwe, Tanzania, "kimewashinda wanasayansi", eti kwa sababu rejista ya kimataifa imekiandika kuwa ni kimondo cha chuma kisicho na kundi. Kutoka hapo mazungumzo hupaa: chuma chake hakimo katika mfumo wetu wa jua, ndani yake mna elementi isiyo na jina, na kwa hiyo kila jiwe zito lililookotwa Songwe lina thamani isiyokadirika.

Mbozi kimepimwa na kinajulikana vizuri. Ni pande la takriban tani 16, lenye urefu wa kama mita 3. Asilimia 90 na ushei ni chuma, karibu asilimia 9 ni nikeli, na kinachobaki ni shaba, fosforasi na salfa kidogo, vitu ambavyo mwanafunzi wa sekondari amekwisha kuvisoma. Lakini anayeainisha vimondo vya chuma haishii hapo, kwa kuwa chuma na nikeli vimo katika vyote. Hupima galiamu, jemaniamu na iridiamu, ambazo ni chache mno lakini hutofautiana sana baina ya kimondo na kimondo. Vile ambavyo viwango vyake vinaoana huwekwa pamoja na kupewa namba ya Kirumi na herufi, kama IAB, IIIAB au IVB, na kanuni inataka vipatikane angalau vitano, visivyo vipande vya anguko moja, ndipo kundi litangazwe. Mbozi hakijapata ndugu wa kutosha, basi. Ni sawa na mgeni kijijini ambaye kila mtu anajua umri wake na kazi yake, ila hana watu wa ukoo wake pale; hakuna atakayesema kwamba mgeni huyo hajulikani.

Wala hali hiyo si ya nadra kama wauzaji wanavyodai, kwa kuwa takriban kimoja kati ya kila vimondo saba vya chuma hakina kundi, wala si hukumu ya milele. Kimondo cha Bellsbank cha Afrika Kusini na vingine viwili vilivyofanana nacho viliitwa kwa muda mrefu "watatu wa Bellsbank"; wenzao walipopatikana na idadi kutimia, wakawa kundi la IIG, na hakuna hata chembe iliyobadilika ndani ya chuma chao.

Anayetafuta maajabu ya kweli aende El Ali, Somalia. Kimondo cha huko, chenye uzito wa takriban tani 15, kina kundi lake la kawaida kabisa, IAB, na bado mwaka 2022 yalitangazwa madini mapya yaliyokutwa ndani yake, yakiwemo elaliti, iliyopewa jina la mahali hapo. Madini hayo yameundwa kwa chuma, fosforasi na oksijeni. Madini mapya ni mpangilio mpya wa elementi zile zile. Nimelieleza hili mara nyingi, na bado kuna anayeondoka akiamini kwamba jedwali la elementi limeongezwa mstari.

Dhana ya pili ni kwamba kimondo cha chuma kisicho na michoro ya Widmanstätten ni bandia. Michoro hiyo ni mikanda ya kamasiti iliyopakana na taeniti, ambazo zote mbili ni mchanganyiko wa chuma na nikeli, na haionekani mpaka uso ukatwe, ung'arishwe na kupakwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa, ambayo hula kamasiti upesi kuliko taeniti. Upana wa mikanda hutegemea kiasi cha nikeli na kasi ya kupoa, ambayo huhesabiwa kwa nyuzi kwa kila miaka milioni. Nikeli ikiwa chache sana au nyingi sana, jicho halitaona mikanda yoyote. Hoba cha Namibia, kimondo kizito kuliko vyote vinavyojulikana duniani kwa takriban tani 60, kina nikeli ya asilimia 16 hivi, na hakina mikanda hiyo.

Tatu, wapo wanaodhani kwamba kondiraiti, aina ya kimondo cha mawe, lazima iwe na kondiruli, zile punje za mviringo. Kimondo cha Ivuna, kilichoanguka kusini-magharibi mwa Tanganyika tarehe 16 Desemba 1938, hakikufika hata kilo moja, hakina punje hizo, na bado ni kondiraiti, kwa sababu kemia yake inakaribiana na ya jua lenyewe kuliko karibu kimondo kingine chochote. Herufi I katika CI, jina la kundi lake, ni ya Ivuna, na sampuli ambazo Wajapani walizileta kutoka asteroidi ya Ryugu mwaka 2020 zililinganishwa na kundi hilo hilo. Inasikitisha kwamba wanaopiga picha Mbozi kila siku hawajapata hata kulisikia jina la Ivuna.

Mengine hayahitaji maelezo marefu. Sumaku haithibitishi kitu, maana magnetiti ya hapa hapa duniani huinasa vizuri kuliko vimondo vingi vya mawe. Kwaruza jiwe lako mgongoni mwa kigae cha sakafu, na likiacha mstari mwekundu au mweusi, usihangaike na nauli. Jiwe lenye vitundu kama mkate, karibu kila mara, ni mavi ya chuma au jiwe la volkano. Vibonyeo vya kimondo viko usoni tu, mfano wa alama za vidole gumba. Na jina la kimondo hutokana na mahali kilipopatikana, si mtu aliyekiokota, hata akiwa mfadhili wa safari.

Hofu ya kwamba maabara "itakula jiwe" nayo haina msingi. Kinachotakiwa kuhifadhiwa katika taasisi ni gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wote, kwa kufuata kiasi kilicho kidogo, na kinachobaki ni cha mwenyewe kwa kadiri sheria za nchi yake zinavyoruhusu. Kilete kikiwa na vumbi lake; ukishakipiga msasa ili king'ae, umeondoa ganda jembamba jeusi ambalo ningeanza kulitazama.