Kibali cha ghorofa tatu sio cha ghorofa nne: yaliyotokea Seoul na Kobe mwaka 1995

Ndugu wananchi, tangu lile jengo la Kariakoo liporomoke Novemba 2024 malalamiko ya vibali vya ujenzi yameongezeka sana ofisini kwetu halmashauri na mengi ni yaleyale, mbona mmenipigia X ya kubomolewa na kibali ninacho? Kibali unacho kweli, ila kinasema ghorofa tatu na wewe uko ya nne, au kinasema makazi na huku chini umeshafungua ukumbi.

Kwenye fani yetu ukiutaja mwaka 1995 wengi watakwambia ndo Tadao Ando wa Japani alipewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya usanifu majengo, na hela yake akawapa yatima wa tetemeko la Kobe. Mimi naukumbuka kwa Sampoong. Hili lilikuwa duka kubwa Seoul, Korea Kusini. Lilianza kama mradi wa makazi wa ghorofa nne, mwenye mali akataka duka, mkandarasi wa kwanza alikataa akaondolewa, ikaongezwa ghorofa ya tano ya migahawa, nguzo zingine zikakatwa kupisha ngazi za umeme, na zilizobaki zilizotakiwa kuwa na sentimita 80 zikajengwa na 60. Mwaka 1993 viyoyozi vizito vya juu ya paa vikahamishwa kwa kuburutwa badala ya kunyanyuliwa na kreni, slabu (zege la sakafu au paa) ikapasuka. Tarehe 29 Juni 1995 asubuhi nyufa zilionekana wazi, wakafunga sehemu ya juu huku chini wateja wanaendelea kununua, ilipokaribia saa kumi na mbili jioni upande mmoja wote wa jengo ukashuka. Watu 502 walikufa. Mwenye jengo alifungwa, na maafisa waliokula rushwa wakapitisha mabadiliko nao walifungwa, nalisema hili wazi kwasababu linatuhusu na sisi tunaogonga mihuri.

Miezi mitano tu kabla ya hapo, Januari 17, Kobe ilitikiswa wakafa zaidi ya watu 6,000, ila majengo yaliyofuata kanuni mpya za 1981 mengi yalisimama. Kwahiyo mtu asiniambie kanuni ni za kutafuta hela ya serikali.

Ukitaka kubadilisha, simamisha kazi kwanza, mrudie msanifu achore upya, mchoro wa nguzo na slabu usainiwe na mhandisi aliyesajiliwa kwa mhuri wake mwenyewe sio wa kuazima, leta ombi pamoja na kibali cha zamani na risiti zake, halafu usubiri jibu la maandishi. Afisa kupita saiti akanyamaza sio jibu! Ukiendelea bila hivyo unapewa notisi, ukikaidi inakuja X, faini, na kubomoa ni kwa gharama yako, na kulipa faini hakuhalalishi ghorofa, hapa watu wanachanganya kila siku.

Na ile ya "fundi kasema nguzo inabeba", fundi anajua kumwaga zege vizuri na tunamheshimu, lakini hajapiga hesabu ya mzigo.

Wapangaji nanyi, mkiona ufa unazunguka kichwa cha nguzo au slabu imebonyea, tokeni wote kwanza, hadi wa chini, ndo mpige simu halmashauri, msisubiri mwenye nyumba alete mtu wa plasta.