Je, wajua kwa nini ndoa haimbadilishi mtu anayevutiwa na jinsia zote mbili?

Mwanamke aliwahi kumpenda mwanamke mwenzake. Miaka ikapita, akaolewa na mwanamume. Walimwengu watasema: kumbe yale yalikuwa mambo ya ujana tu. Na lau angebaki na yule mwanamke, hao hao wangesema hakuwahi kuwataka wanaume. Kwamba huenda aliwapenda wote wawili kwa dhati, hilo halimpitikii mtu akilini.

Nadhani dhana nyingi potofu kuhusu watu wa aina hii, ambao wengine huwaita baiseksho, zinaanzia hapo: tunamhukumu mtu kwa mwenzi aliye naye leo. Lakini mvuto ni jambo moja, na mahusiano ni jingine. Mwanamume anayevutiwa na wanawake haachi kuwa hivyo akiishi peke yake. Kijana naye anaweza kujua moyo wake unaelekea wapi hata kabla hajawa na mpenzi.

Wengine hudhani mvuto huo lazima ugawanyike nusu kwa nusu. Mwaka 1948, mwanabiolojia wa Marekani Alfred Kinsey na wenzake walichapisha kipimo cha kuanzia 0 hadi 6: 0 ni anayevutiwa na jinsia tofauti tu, 6 ni anayevutiwa na jinsia yake tu. Kati ya ncha hizo mna nafasi tele. Mtu anaweza kuelemea upande mmoja, au kuvutiwa na wanaume kwa namna moja na wanawake kwa namna nyingine. Mwaka 1978 daktari wa akili Fritz Klein aliongeza suala la wakati: mtu alikuwaje zamani, yukoje sasa, na angependa aweje.

Wanaume ndio waliotiliwa shaka zaidi, tena na wanasayansi. Utafiti wa mwaka 2005 wa chuo kikuu kimoja cha Marekani uliwaonyesha wanaume filamu za ngono huku kifaa kikipima jinsi miili yao inavyosisimka. Wale 33 waliosema wanavutiwa na jinsia zote, wengi wao walionekana kusisimkwa zaidi na jinsia moja. Magazeti yakashangilia, kana kwamba watu wamefumaniwa wakidanganya. Mwaka 2011 jaribio likarudiwa chuo kikuu kile kile, safari hii kwa wanaume ambao kweli walikuwa wamewahi kuwa na mahusiano na wanaume na wanawake pia. Miili yao iliitikia pande zote mbili. Mwaka 2020 data za tafiti kadhaa zikaunganishwa, za mamia ya wanaume, na jibu likawa lile lile. Miongoni mwa walioandika ripoti hiyo ya mwisho alikuwamo J. Michael Bailey, ambaye pia alishiriki ule utafiti wa 2005. (Si kila mtafiti hukubali kujisahihisha hadharani.)

Ama tuhuma kwamba hawatosheki na mtu mmoja, hiyo haihitaji maabara. Anayevutiwa na wafupi na warefu hahitaji kuwa na wote wawili nyumbani. Uaminifu ni ahadi. Wapo wanaoitimiza na wapo wanaoivunja, katika kila kundi la watu.

Na je, ni kipindi cha mpito tu? Mwanasaikolojia Lisa Diamond aliwafuatilia wanawake kadhaa kwa miaka 10, akachapisha matokeo mwaka 2008. Waliovutiwa na jinsia zote hawakuishia kuhamia upande mmoja kama ilivyodhaniwa. Mvuto wao uliendelea kuwa wa pande mbili, na wengi wao walikuwa wametulia katika mahusiano ya muda mrefu na mtu mmoja.

Hata hivyo, wengi hunyamaza. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Pew Research Center, taasisi ya utafiti wa maoni ya watu, ulionyesha kwamba nchini Marekani ni asilimia 19 tu ya watu hawa waliosema kwamba wote au wengi wa watu muhimu maishani mwao wanajua. Kwa wanaovutiwa na jinsia yao pekee, ilikuwa asilimia 75. Anayejitambulisha huweza kushukiwa na pande zote mbili: huku anaambiwa amepotoka, kule anaambiwa ni mwoga anayejificha.